Msitu wa kijiji, stakabadhi anakata nani?

Anayenunua mkaa wa kopo Mbagala au Gongo la Mboto haulizi umetoka msitu gani. Anaangalia kama una chenga nyingi, kama umelowa, kama ni wa mti mgumu au wa mwembe, basi. Lakini kule gunia lilikoshonwa, Kisarawe, Rufiji, Kilwa au Kilosa, swali la msitu gani ndilo lenye hela. Mti ni uleule, tanuru ni lilelile, barabara ya kuja mjini ni ileile. Ukitoka kwenye msitu wa kwanza, kijiji kinakata stakabadhi na hela inalala kwenye akaunti ya kijiji. Ukitoka kwenye wa pili, hela inakwenda Serikali Kuu. Ukitoka kwenye wa tatu hakuna stakabadhi yoyote, na aliyeuchoma analipwa kiasi cha kununua unga wa wiki.

Wengi wetu hapa Dar tuna kijishamba Mkuranga, au wazazi wako Utete, au mjomba amebaki na mapori ya ukoo huko Kilwa. Neno "usimamizi shirikishi wa misitu" tumelisikia kwenye mikutano ya kijiji tukienda kuzika, likatupita. Si busara kuliacha lipite, maana ndilo linaloamua kama yale mapori ni shamba lako la akiba au ni hifadhi ambayo ukiingia na panga unatozwa faini.

Milango ilifunguliwa na Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, kisha Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Ila wanakijiji walianza kabla ya karatasi. Babati, miaka ya mwanzo ya 1990, Serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Watu wakakataa, wakasema huu tutautunza wenyewe. Walipoachiwa wakautunza kweli, na Mgori huko Singida ikafuata njia hiyo. Sheria ilikuja kuweka muhuri juu ya jambo lililokwisha kuonekana kwamba linawezekana.

Katika sheria hiyo kuna njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa malalamiko mengi vijijini. Ya kwanza ni usimamizi wa pamoja: msitu ni wa Serikali, kijiji jirani kinaingia mkataba wa kusaidia kuulinda na kugawana manufaa. Ya pili ni usimamizi wa jamii: msitu uko kwenye ardhi ya kijiji, na mwenye msitu ni kijiji. Kwa afisa aliyeko ofisini zote ni "shirikishi". Kwa mkulima ni mbali kama kulinda duka la mtu na kuwa na duka lako.

Tuanze na ile ya kulinda duka la mtu, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na Dar. Pugu na Kazimzumbwi, ile misitu unayoiona ukipanda kwenda Kisarawe, ni ya Serikali tangu enzi za mkoloni, na sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Anayeishi pembezoni mwa msitu wa namna hiyo anaruhusiwa, kwa utaratibu, kuokota kuni zilizokauka siku zilizopangwa, kuchuma uyoga na dawa, pengine kutundika mizinga. Mbao na mkaa hapana. Ni sawa, misitu ya vyanzo vya maji na misitu yenye viumbe visivyopatikana kwingine haikatwi. Lakini mtu asidanganywe kwamba hapo kuna mapato ya kugawana. Kama hakuna kinachouzwa, kinachobaki kugawanywa ni faini, na faini zinapatikana tu wakati ulinzi umeshindwa! Kijiji kinachofanya doria vizuri hakipati kitu. Sheria ilisema pande mbili zitagawana manufaa bila kusema kila upande upate kiasi gani, na kwa miaka mingi vijiji vimekaa na mikataba iliyoandikwa nusu, huku vijana wa doria wakipewa buti jozi moja na ahadi. Ukisikia mtu anasema msitu shirikishi hauna faida, muulize kwanza alikuwa kwenye njia ipi. Mara nyingi ni hii.

Njia ya pili ndiyo yenye nyama.

Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu iliyochapishwa 2015, watu wa misitu wanaiita NAFORMA, ilipata kwamba nchi ina misitu hekta milioni 48.1, na karibu asilimia 46 iko kwenye ardhi ya vijiji. Siyo hifadhi za Serikali wala mbuga, ni mapori ya vijiji. Sehemu kubwa ya mapori hayo haijatangazwa kuwa chochote, na huo ndio msitu wa tatu niliousema mwanzo, ule usio na stakabadhi. Tena una hatari nyingine ambayo wanakijiji wengi hawaijui. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza na ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika". Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Sheria mbili za mwaka mmoja, na katikati yake pori la kijiji chenu. Anayekuja kutafuta ardhi ya uwekezaji atapendelea kusoma ile ya kwanza. Msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya kijiji, wenye mpango na kamati, hauwezi kuitwa ardhi isiyotumika. Hata kama hamtauza gogo moja, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuutangaza.

Kuutangaza kunakwendaje? Kwanza kijiji kiwe na mpaka unaokubaliwa na majirani wote, uliopimwa, na cheti cha ardhi ya kijiji. Mambo mengi yanakwama hapa hapa. Angai, Liwale, msitu wa hekta zaidi ya 139,000, ulianza kushughulikiwa miaka ya 1990 ukiwa wa vijiji 13. Ukavuta miaka na miaka. Vijiji vikagawanywa vikafika 24, na kila mgawanyo una maana mipaka irudiwe, vyeti virudiwe, na kila kijiji kipya kidai fungu lake la msitu. Kwa hiyo kama kuna mazungumzo ya kugawa kijiji chenu, malizeni hilo kabla hamjaweka rangi ya mpaka kwenye mti.

Kisha unakuja mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007: wapi makazi, wapi kilimo, wapi malisho, wapi msitu. Wataalamu wanatoka wilayani, wanakaa siku kadhaa, ramani inachorwa kwanza chini kwa vijiti na majivu halafu kwenye karatasi. Hapa ndipo mkulima anapokosa au anapopata, siyo mwishoni. Shamba lililolala miaka minane kwa macho ya mgeni ni msitu: lina miti, lina vichaka, hakuna mtu ndani. Kwa mwenyewe ni shamba analolipumzisha. Kama siku ile hayupo, mstari unapita.

Itazameni siku ya kutembea mpaka. Kundi lina watu kumi hivi: mjumbe wa halmashauri ya kijiji, wawili watatu wa kamati, kijana mwenye GPS, mwenye panga, mwenye kopo la rangi nyekundu, na mzee mmoja anayejua. Wanafika kwenye mbuyu. Kijana anauliza, "Shikamoo babu, hapa mpaka unashuka na kijito au unakwenda na barabara?" Mzee anasema unashuka na kijito. Kijito kina miiba, jua liko utosini, posho ni ya siku moja. Kijana anachukua nukta kando ya barabara, mita mia tatu kutoka ulipo mpaka, kwa sababu huko kunapitika. Namba inaandikwa kwenye daftari, na jioni ni kitu rasmi. Miaka mitano baadaye ekari arobaini za muhogo na mikorosho ziko ndani ya hifadhi, na mwenye mikorosho anaitwa mvamizi. Dawa yake ni rahisi: kila mwenye shamba linalopakana aitwe kwa jina na awepo siku ile, nukta zichukuliwe palipo na mpaka wenyewe, na kabla hazijapelekwa wilayani zisomwe mbele ya mkutano, moja moja, kwa majina ya mahali siyo kwa tarakimu. "Nukta ya saba, kwenye mti wa mkongo wa kina Mzee fulani." Mtu hawezi kupinga tarakimu, lakini atapinga mkongo.

Jambo lingine kwenye mpango huo: wekeni akiba ya ardhi ya kilimo. Kijiji kinachofurahia ramani na kutenga pori lote kuwa msitu kitasahau kwamba watoto walioko darasa la tatu leo watataka shamba baada ya miaka kumi na mitano. Watalipata wapi? Ndani ya msitu, usiku. Na hawa si wavamizi kutoka mbali, ni watoto wa wajumbe wa kamati.

Kamati yenyewe inaitwa Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Inachaguliwa na mkutano mkuu, siyo kuteuliwa na mwenyekiti mezani kwake, na iwe na wanawake wanaosikilizwa, kwa sababu wao ndio wanaoingia msituni kila siku. Kamati ya wanaume watupu itaandika sheria nzuri sana kuhusu magogo na kusahau ukindu wa mikeka, kuni, uyoga, na ming'oko, ile mizizi ya kuchimba ya kule kusini ambayo wakati wa njaa ndiyo chakula. Kuna vijiji vilivyopiga marufuku "kuchimba" msituni kwa kuwaza wachimba madini, kumbe wamewafungia akina mama ming'oko.

Halafu tathmini ya msitu. Watu wanaidharau, lakini bila hiyo hakuna uvunaji halali. Vinapangwa viploti vya sampuli, kila mti ndani yake unatajwa jina na kupimwa unene kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kifuani pa mtu mzima. Tepu ikipanda juu au kushuka, hesabu imepinda. Jina nalo: mtu akiita mtondoro myombo, hesabu ya mkaa imeharibika. Tathmini ndiyo inayosema mninga uliofikia unene wa kukatwa, sentimita 45, ni mingapi, na mpingo uliofika 24 ni mingapi. Mpingo unaokatwa leo una umri wa kumzidi babu yako, kwa hiyo ukikosea kuhesabu hakuna marekebisho mwakani.

Baada ya hapo mpango wa usimamizi, kwa kawaida wa miaka mitano, na sheria ndogo za kijiji. Zote mbili zinapita mkutano mkuu, sheria ndogo zinakwenda baraza la madiwani, msitu unaandikishwa wilayani. Baada ya miaka mitatu kijiji kinaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ingawa haki nyingi za kijiji zimeshapatikana kabla ya hapo.

Na haki zenyewe si ndogo. Kijiji chenye msitu wa hifadhi kinajipangia ada ya mazao yake na kukata stakabadhi yake. Mrabaha ambao ungekwenda Serikali Kuu unabaki. Vijiji vingi hukubaliana kuipa halmashauri ya wilaya kiasi kidogo kwa ajili ya usimamizi. Hata miti iliyohifadhiwa kisheria, ambayo kwingine huwezi kuigusa bila leseni ya Serikali, ndani ya msitu huu iko mikononi mwa mpango wa kijiji. Kilwa ndiko walikoonyesha: vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa kusaidiwa na shirika la MCDI, mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba msitu unavunwa vizuri, na magogo ya mpingo yakaanza kuuzwa kwa bei ambayo mkata magogo wa kupita hakuwahi kuwaza kuilipa. Kiteto kuna msitu wa SULEDO, jina lililoundwa kutoka Sunya, Lengatei na Dongo, hekta zipatazo 164,000. Pale wakulima na wafugaji walilazimika kukaa meza moja.

Mkaa ni habari yake peke yake, na kwa msomaji wa Dar ndio unaogusa jiko. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria nchi inatumia mkaa tani milioni moja hivi kwa mwaka, na karibu nusu unaliwa na jiji hili. Ukweli usiopendwa kusemwa ni kwamba sehemu kubwa ya mkaa huo hautoki kwa mtu aliyekwenda kukata mti ili achome. Unatoka kwa mkulima aliyefyeka shamba jipya. Miti iko chini tayari, akiichoma anapata hela ya mbegu na ya kula mpaka mavuno. Ukimkamata na mkaa hujazuia shamba. Ufuta unapenda ardhi mpya isiyo na magugu, na bei ya ufuta ikipanda huko Lindi, hakuna bango la "tunza misitu" litakalomrudisha mtu nyuma.

Kuanzia 2012 huko Kilosa, mashirika ya TFCG, MJUMITA na TaTEDO yalijaribu kugeuza hesabu hiyo: msitu uwe na thamani ukiwa umesimama, kwa kuuza mkaa wake kidogo kidogo. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inatengwa kwa mkaa. Inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kimoja na kuachwa kimoja kama ubao wa drafti, ili mbegu na kivuli visiwe mbali. Kitalu kilichovunwa kinapumzika miaka 24. Hakuna kukata ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mti wa mbao hauguswi, mti wenye kiota hauguswi, na kisiki hakichimbwi wala kuchomwa, kwa sababu miombo, miti ya mapori haya, huchipua yenyewe kutoka kwenye kisiki. Anayejenga tanuru juu ya visiki ameua msitu wa mtoto wake kwa uvivu wa kusogeza magogo hatua kumi.

Tanuru lenyewe ndipo hela inapopotea au kupatikana. Kwenye tanuru la kawaida, kilo mia za kuni zinatoa mkaa kilo kumi, ukiwa fundi ishirini. Tofauti hiyo haitokani na uchawi. Magogo yakaushwe wiki mbili tatu, la sivyo kuni nyingine zinaungua kwa kazi ya kukausha zenzake. Chini yanalazwa magogo membamba ya kupitisha hewa. Mazito yanakaa katikati, panapochemka zaidi, na mapengo yanazibwa kwa vijiti. Juu majani mabichi ya kutosha, udongo usiingie kwenye mkaa, kisha udongo wenyewe. Mara nyingi ni huo wa juu ambao mtu anaufanya mwembamba kwa sababu amechoka. Unawasha upande mmoja na kuziba. Siku za kwanza moshi ni mweupe mzito, hayo ni maji. Ukigeuka mwembamba wa bluu, upande huo umeiva, unafunga tundu na kufungua mbele. Na halilali mtu. Tanuru linazama kadiri linavyoiva, udongo unapasuka, hewa inaingia, na katika saa chache za usingizi magunia kumi yanageuka majivu. Ndiyo maana kikundi cha watu wanne wanaopokezana zamu wanapata zaidi kwa kila mti kuliko mtu mmoja na kahawa yake.

Sasa tuseme kijiji kimepanga ada ya shilingi 5,000 kwa gunia, na kwa msimu yametoka magunia 600. Hiyo ni milioni tatu, nje ya ile ya mchomaji. Si hela ya kujenga ghorofa, ila inachimba choo cha shule, inalipa doria, na wakati mwingine inamaliza zahanati iliyosimama kwenye lenta miaka mitano. Mkutano ukiona choo, msitu umepata walinzi mia tatu wasiolipwa. Usipoona kitu, hata wale wa doria wataanza kuuza.

Yanayoharibika ni mengi, ila manne ndiyo ya kila siku.

La kwanza ni tarehe. Mpango wa miaka mitano unaisha, mradi uliolipa posho za wataalamu umeshafunga ofisi, na kuuhuisha kunahitaji tathmini mpya, gari na watu wa wilaya. Kijiji hakikuweka akiba. Siku mnunuzi anakuja, wilaya inasema mpango wenu umekufa, hakuna kibali. Msitu upo, miti ipo, karatasi haipo. Kila kijiji kinachouza kingeweka kando fungu la kuhuisha mpango tangu gunia la kwanza, kama anavyofanya mwenye bajaji na hela ya tairi.

La pili ni kanuni za 2019 kuhusu uvunaji na biashara ya magogo, mbao na mkaa. Zimeingiza kamati ya uvunaji ya wilaya, inayoongozwa na mkuu wa wilaya, hata kwenye uvunaji wa msitu wa kijiji. Nia yake ni kuzuia uhuni, na uhuni ulikuwepo. Lakini kikao kisipokaa, kijiji kinasubiri, na mvua haisubiri: barabara ikishakatika Machi, gogo linabaki msituni. Kwa maoni yangu kijiji chenye mpango hai na tathmini hai hakikupaswa kuomba ruhusa mara mbili kwa kitu kilekile.

La tatu ni njia ya kwenda sokoni. Kununua na kusafirisha kunahitaji mtu aliyesajiliwa kuwa mfanyabiashara wa mazao ya misitu, stakabadhi ya malipo, na hati ya kusafirishia, ile wanayoiita TP. Kwenye kila geti karatasi inalinganishwa na mzigo. Mkulima mwenye magunia manne hawezi kubeba gharama hiyo. Anamsubiri mwenye fuso, na mwenye fuso anajua kwamba anasubiriwa. Ndiyo sababu bei ya porini ni sehemu ndogo sana ya bei ya Mbagala. Wachomaji wakijiunga kikundi na kukusanya mzigo wa gari zima, wanakuwa na la kusema kuhusu bei. Wasipojiunga, usajili na TP vinamlinda mnunuzi kuliko anavyolindwa mchomaji.

La nne ni mifugo. Baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu, huko Mbeya, mwaka 2006, ng'ombe wengi walielekea Pwani na Lindi, na vijiji ambavyo havikuwahi kupanga malisho vikajikuta na makundi ndani ya misitu yao. Kamati ya wakulima kumi na wawili wenye filimbi haifukuzi ng'ombe mia nne. Vijiji vilivyopunguza ugomvi ni vile vilivyokubali kwamba mfugaji amefika, vikatenga njia ya kwenda majini na eneo la malisho kwenye ramani, vikaweka mfugaji mmoja au wawili kwenye kamati. Vilivyochukua rushwa kwa mwenyekiti ili "wapite tu" vinajua vilipo.

Juu ya yote hayo kuna upepo mpya unaotoka huku mjini. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mapafu ya mama ntilie ni habari njema, hakuna ubishi. Kwa kijiji kilichojenga ulinzi wa msitu juu ya ada ya mkaa, ni swali la hesabu: soko la Dar likipungua, nini kitalipa doria? Asali, mbao, pengine biashara ya hewa ukaa ambayo mikataba yake inahitaji kusomwa na mwanasheria kabla mwenyekiti hajaweka kidole gumba. Kama hakuna jibu, ufuta unalo.

Basi ukienda kijijini mwaka huu, kwa msiba au kwa korosho, pita ofisi ya kijiji. Mtendaji atakukaribisha, ni haki ya mwanakijiji kuona. Ulizia cheti cha ardhi ya kijiji na ramani ya matumizi, uone shamba la ukoo limeangukia rangi gani. Ulizia mpango wa usimamizi wa msitu na uangalie tarehe yake kwenye jalada. Ulizia muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho uliosomewa mapato na matumizi, maana vinatakiwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu. Mwisho ulizia kitabu cha stakabadhi za msitu, ufunue ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Kama una tarehe ya miezi minane iliyopita, muulize katibu wa kamati kwa upole: lile tanuru linalofuka nyuma ya shule limekatiwa stakabadhi wapi?